Kupangua Gia Kutoka Mpwapwa

Baba yangu aliacha kuona kabisa akiwa na miaka sabini na mbili, kwa presha ya macho ambayo kwa muda mrefu alikuwa akiiita vumbi. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa gari la wagonjwa huko Mpwapwa, kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Macho yalipokwisha alihamisha kiti chake barazani, upande unaotazama barabara, akaendelea na kazi kwa masikio. Kila gari lililopita alilitolea taarifa. "Huyu yuko namba tatu. Anatakiwa namba mbili." Lori likikoroma kwenye kile kilima kidogo kabla ya nyumba yetu, alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Mama, akichambua mlenda pembeni, alisema kwamba katika ndoa yao ya miaka arobaini na kitu amesikia zaidi habari za gia kuliko habari za mapenzi. Baba hakukanusha.

Mimi nafanya kazi ya masijala katika ofisi moja ya serikali Dodoma mjini, na nyumba nimepanga Chang'ombe. Nilipopata gari langu la kwanza, dogo, la otomatiki, nilikwenda nalo nyumbani kuwaonyesha wazee. Mama alilizunguka akilishika shika kama anayenunua mbuzi. Baba alisimama mlangoni, akasikiliza nikilizima.

"Hili linabadilisha gia lenyewe," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe unafanya nini?"

Nilifikiri kidogo. "Nashika usukani."

"Basi wewe ni abiria aliyekaa upande wa kulia."

Jioni hiyohiyo alinikabidhi ufunguo wa pikapu yake, ambayo ilikuwa imekaa bandani tangu macho yalipoanza kumdanganya. Alisema gari lisiloendeshwa huoza kama boga. Hakuniuliza kama nataka kujifunza. Nilikuwa mtoto pekee aliyebaki mkoa huu, na kwake hiyo ilikuwa sifa ya kutosha.

Shule yetu ilikuwa uwanja wa mnada wa ng'ombe, siku ambazo hakuna mnada. Jirani yetu mmoja, fundi wa magari, alitupelekea pikapu mpaka katikati ya uwanja, akaondoka kwa miguu bila kugeuka nyuma. Nusu saa ya kwanza hatukuwasha injini. Baba aliniamuru nivue viatu, ili mguu ujue unakanyaga nini. Nikawa nakanyaga klachi mpaka chini, nasogeza gia, naachia. Nakanyaga, nasogeza, naachia. Yeye alikaa kushoto, kiganja cha mkono wa kulia kikiwa kwenye shina la gia, chini ya mkono wangu.

"Legeza vidole. Huo siyo mpini wa jembe."

Nikalegeza.

"Na ukiitoa moja kwenda mbili, ipumzike kwanza pale katikati. Pumzi moja tu. Watu wengi wanaichomoa na kuitumbukiza kama wanaficha kitu."

Tulipowasha, alinikataza kugusa mafuta. Kazi yangu ilikuwa kuachia klachi taratibu mpaka nisikie sauti ya injini inashuka, kama ya mtu aliyebebeshwa mzigo. "Hapo ndipo inaposhika. Ukifika hapo, kaa hapo." Nilifika hapo na sikukaa. Pikapu iliruka mara mbili, ikazima. Nilizima mara tisa asubuhi hiyo. Wazee wawili waliokuwa wakipitisha ng'ombe kandokando ya uwanja walisimama kutazama, na mmoja akamsalimia Baba kwa Kigogo, "Mbukwa," kisha akauliza kwa upole kama gari ni gonjwa.

"Gari ni zima," Baba alijibu. "Anayetibiwa ni dereva."

Niliendelea kwenda, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa basi, gari langu nikiliacha Chang'ombe. Wenzangu ofisini walidhani nina mchumba Mpwapwa. Ukweli ni kwamba sikuwa napenda pikapu ile hata kidogo. Lakini nilikuwa nimegundua kwamba ni rahisi kukaa na Baba tukizungumza habari za klachi kuliko kukaa naye tukizungumza habari za macho.

Kupanga gia za kupanda nilikuweza baada ya wiki tatu. Kilichonishinda ni kupangua, yaani kurudi kutoka gia kubwa kwenda ndogo. Kila nilipotoka tatu kwenda mbili, gari liliinama mbele kama linasujudu, na kichwa cha Baba kikainama nalo.

"Kupangua ndiko kunakowavunja wagonjwa," alisema. "Klachi ikiwa chini, gusa mafuta kidogo kabla hujaiachia."

"Si nataka kupunguza mwendo? Mafuta ya nini tena?"

Alinigeuzia uso. Nadhani miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Umewahi kudandia trekta linalotembea?"

"Hapana."

"Ungedandiaje?"

"Ningekimbia nalo kidogo kwanza."

"Kwa nini usisimame tu ukalidaka?"

"Lingenivuta nikaanguka."

"Basi. Magurudumu ndiyo trekta. Injini ndiyo wewe. Ukiweka gia ndogo, injini inatakiwa kukimbia zaidi ili ilingane nayo. Ikimbize kidogo kwanza, ndipo uiachie ishikane. Usipoikimbiza, itavutwa, na kila aliyelala nyuma atajua."

Nilijaribu. Gari likasujudu. Nikajaribu tena. Jumamosi iliyofuata kusujudu kulipungua karibu nusu. Baba alisema ni maendeleo, kwa sauti ya mtu anayesoma risala.

Mama alianguka Jumapili moja baada ya ibada. Alipanda kwenye kigoda kushusha debe la karanga darini, kazi ambayo alikuwa amekatazwa na kila mtu aliye hai katika ukoo. Nilikuwa jikoni. Nilisikia debe kwanza, kisha karanga, kisha kimya. Nilipofika alikuwa chini ubavu ubavu, mguu wa kushoto umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Hakulia. Aliniambia niokote karanga kabla kuku hawajaingia.

Fundi jirani alituendesha kwenye pikapu yetu mpaka hospitali, mwendo ambao hata kilomita tatu haufiki. Picha zilionyesha nyonga imevunjika, na daktari akasema inahitaji upasuaji, apelekwe Dodoma. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka alfajiri na mama mjamzito aliyepata matatizo, na lisingerudi kabla ya jioni.

"Tunalo gari," Baba alisema.

Daktari alimtazama Baba machoni, akaona alichokiona. "Nani ataendesha, mzee?"

"Fundi anaweza kutupeleka," nilisema haraka.

Kutoka kwenye machela Mama alifungua macho. "Yule fundi hapana," alisema. "Ameshanivunja upande wa pili kuja hapa."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia viatu vyake.

"Basi ni huyu," Baba alisema, akanielekeza kwa fimbo. Alikosea kidogo akamwelekeza daktari. Nilisogea mpaka nikawa mbele ya fimbo.

Walimfunga Mama mguu kwa vibao, wakamchoma sindano ya maumivu, wakamlaza nyuma chini ya turubai juu ya magodoro mawili. Muuguzi mmoja aliyekuwa amemaliza zamu alikubali kukaa naye. Kati ya huko nyuma na viti vya mbele palikuwa na kidirisha ambacho kioo chake kilikwisha zamani. Baba aliingiza kichwa pale.

"Ukiumia, gonga bati."

"Nitagonga," Mama alisema. Lilikuwa jambo moja ambalo sikuwa na wasiwasi nalo.

Alianza kugonga tukiwa bado langoni mwa hospitali. Sikuwa nimeondoka kwa kuruka, nilidhani nimeondoka vizuri, lakini bati liligongwa. "Moja kwenda mbili," Baba alisema. "Umeiachia haraka." Mbele kidogo bati likagongwa tena. "Mbili kwenda tatu. Hukuipumzisha." Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Nikasimama, nikavivua, nikaendelea miguu mitupu. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka nyayoni na klachi inateleza.

Baada ya hapo tukapata utaratibu wetu. Yeye hakuona barabara na mimi sikuisikia injini, kwa sababu masikio yangu yote yalikuwa nyuma yakisubiri bati. Kwa hiyo nikawa namwambia ninachokiona.

"Tuta."

"Umbali gani?"

"Kama kutoka barazani mpaka kwenye zizi."

"Toa mguu kwenye mafuta. Acha injini ipunguze yenyewe. Usiguse breki bado." Kiganja chake kilikuwa kwenye shina la gia kama siku zote. "Sasa breki, kidogo. Klachi. Katikati. Gusa mafuta. Mbili. Achia."

Tukapanda tuta, tukashuka. Bati halikugongwa. Kwenye tuta lililofuata liligongwa.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Mama alikuwa amegonga mara saba tulipofika mahali ambapo barabara ilikuwa inatengenezwa na magari yanachepushwa kupita kwenye korongo. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu, na upande wa kutokea palikuwa na mwinuko. Niliingia na gia namba mbili bila kubadili chochote, kama nilivyoagizwa, na tulikuwa karibu tunatoka salama. Mbele yetu lori la magunia ya alizeti likasimama katikati ya mwinuko. Nikakanyaga breki na klachi kwa pamoja. Tukasimama, pua juu, mkia chini.

"Lori limesimama," nilisema. "Tuko kwenye mlima."

"Weka moja. Subiri."

"Breki ya mkono iko wapi?"

"Iko hapo karibu na goti lako, lakini haishiki."

"Tangu lini?"

"Sijawahi kuihitaji," Baba alisema, kwa namna ya mtu anayeeleza kwamba yeye huwa hali pilipili.

Nyuma yetu basi lilikuwa limefika karibu sana na likaanza kupiga honi. Niliona kwenye kioo uso wa dereva wake. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya breki, na niliogopa kwamba mtetemo huo unapita kwenye chuma mpaka kwenye nyonga ya Mama. Nilimwambia Baba kwamba siwezi. Nilimwambia nikiachia breki tutarudi nyuma, tutaligonga basi, na Mama yuko hukohuko nyuma.

"Huyo mwache apige honi," alisema. "Honi haina gia. Lori limetoka?"

Lori lilikuwa linaondoka, likitoa moshi. "Limetoka."

"Breki ibaki chini. Achia klachi, taratibu, mpaka sauti ishuke."

Nikaachia. Sauti ikashuka. Nikahisi pua ya gari inajiinua kidogo, kama mbuzi aliyesikia jambo.

"Imeshika. Usiende mbele, usirudi. Kaa hapo hapo. Sasa achia breki."

"Baba."

"Achia."

Nikaachia. Gari likabaki palepale. Lilisimama juu ya mwinuko ule bila kuzuiwa na kitu chochote cha kuonekana, ila unyayo wangu wa kushoto. Sijui lilikaa hivyo kwa muda gani, labda kufumba na kufumbua. Kisha nikaongeza mafuta, nikamalizia klachi, na tukatoka korongoni hadi kwenye njia tambarare. Nilisubiri bati. Nilipita mbili, nikapita tatu, nasubiri.

Muuguzi akaingiza uso kwenye kidirisha. "Bibi anauliza kwa nini bado tumesimama."

Tulikuwa tumeshatembea kwa zaidi ya dakika nzima. Baba aligeuza uso upande wa dirisha lake, na kwa muda akawa anatazama nje, kama bado ana kitu cha kutazama.

Barabara kuu ya Dodoma ilikuwa na malori mengi na upepo wa ubavuni, ule wa kiangazi unaosukuma gari kama mtu asiye na haraka. Kioo cha upande wa Baba kilikuwa hakifungi vizuri, upepo ukawa unampigia sikioni. Nilikuwa kwenye gia namba nne. Lori moja likatupita kwa ngurumo, na ngurumo ilipoisha Baba akasema, "Unachosha injini. Panga tano. Ongeza mafuta."

Mbele yetu, baada ya lori kupita, ng'ombe walikuwa wanavuka.

Nilitaka kumwambia. Hapakuwa na nafasi ya kusema "ng'ombe", halafu "umbali gani", halafu barazani mpaka zizini. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikagusa breki, nikapangua nne kwenda tatu nikiwa nimekimbiza injini kidogo, nikashuka tena tatu kwenda mbili kwa namna ileile, na gari likaenda likipungua, likipungua, mpaka likawa linatambaa. Ng'ombe wa mwisho alipita mbele ya boneti akitutazama bila kuvutiwa. Mchungaji akainua fimbo kushukuru. Bati halikugongwa.

Baba alikuwa amehisi yote chini ya kiganja chake. Alisubiri mpaka tuliporudi namba tatu.

"Palikuwa na nini?"

"Ng'ombe."

"Wangapi?"

"Wengi."

Akatikisa kichwa. Baadaye kidogo akasema, "Mimi nimekuambia uongeze mafuta."

"Hukuwaona, Baba."

Maneno yenyewe yalikuwa madogo. Lakini tangu macho yake yaishe, hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kuyasema. Tulikuwa tunasema barazani pana jua, au leo amechoka, au taa siyo nzuri. Niliyasikia yakikaa kati yetu pale mbele, na nikatamani kuyarudisha.

"Ni kweli," alisema. "Sikuwaona."

Aliondoa kiganja kwenye shina la gia, akakiweka gotini. Hakunipa amri nyingine siku ile. Nilipanga na kupangua peke yangu, na kila mara nilitamani mkono ule urudi, si kwa sababu nilihitaji msaada. Nilikuwa nimeuzoea.

Basi nikaanza kumwambia vitu ambavyo hakuniuliza. Nilimwambia tunapita mashamba ya zabibu na majani yamebaki machache. Nilimwambia kuna mlima upande wake unaofanana na ng'ombe aliyelala. Tulipokaribia mji nilimwambia hapa kuna nyumba.

"Hapa hapana nyumba," alisema. "Hapa ni mbuga."

"Sasa zipo. Za ghorofa. Na ofisi za wizara."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mbali, Baba. Pande zote mbili."

Akafikiri. "Kuna matuta?"

"Yapo."

"Basi ni kweli," alisema.

Hospitalini wauguzi walipofunua turubai walimkuta Mama amelala. Yule muuguzi alisema alishikwa na usingizi muda mrefu uliopita, huenda ni sindano. Baba aliuliza ni kuanzia wapi hasa, na muuguzi hakujua jina la mahali. Baba akamuuliza kama ni kabla ya ule upepo wa barabara kuu au baada. Muuguzi alinitazama. Nikamwambia asijali.

Upasuaji ulifanyika siku chache baadaye, ukaenda vizuri. Mama alikaa kwangu Chang'ombe karibu miezi mitatu, akijifunza kutembea kwa fremu, akilaumu ukubwa wa sebule yangu. Baba naye alibaki. Alikaa dirishani akisikiliza bajaji, akasema ni chombo kisicho na maadili. Siku za mapumziko nilimchukua kwenye pikapu mpaka Majengo kununua unga wa uwele, maana alidai wa dukani kwetu umechanganywa. Tulipita kwenye msongamano wa mikokoteni na bodaboda, moja, mbili, moja, mbili, na yeye akisimulia habari nyingine kabisa: shamba, mvua, kaka yake aliyewahi kuuza ng'ombe yuleyule mara mbili. Wakati mwingine tulirudi nyumbani bila gia kutajwa. Mwanzoni nilidhani anaumwa.

Mama alipoweza kutembea na fimbo niliwarudisha Mpwapwa. Majirani walikuja kumpa pole, baraza ikajaa. Fundi alikuja pia, akakaa mwisho wa mkeka. Mama mmoja wa kanisani alimuuliza alivumilia vipi safari ile yote na nyonga imevunjika, kwa barabara ile.

"Barabara mbona nzuri," Mama alisema. "Wameitengeneza."

Hawakuwa wameitengeneza. Nilikuwa nimeipita asubuhi hiyohiyo, korongo na yote. Nilimtazama Baba, nikijua kwamba hili hataliacha lipite, kwamba sasa baraza nzima itaelezwa kuhusu klachi, mwinuko, na injini inayokimbizwa kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, uso barabarani, kikombe cha chai mkononi.

"Ndiyo," alisema. "Wameitengeneza."